Mkoba Usiotiwa Viazi

Nikisikia harufu ya viazi vitamu vinavyochemka, mkono wangu wa kulia hushuka wenyewe mpaka nyongani, kushika kitu ambacho siku hizi hakipo tena pale. Mjukuu wangu alishaniona nikifanya hivyo, akanicheka. "Bibi, unatafuta bastola?" Nikamwambia namtafuta mtoto wangu. Akadhani uzee umeanza kazi yake, akakimbia kumwambia mama yake. Basi kwa kuwa wa nyumbani wananicheka, niacheni niwasimulie ninyi, maana msomaji hata akicheka mimi simsikii.

Viazi vya kwetu, vile vyenye ganda jekundu, vikichemshwa kwenye chungu na kufunikwa kwa majani ya mgomba, hutoa mvuke mtamu unaoganda kooni. Utotoni harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: yupo mtu anayekupenda, na sasa hivi atakutia kitu mkononi. Kwetu mtoto hatoki nyumba ya watu mikono mitupu. Akiwa na kikapu, kikapu kitatiwa kitu. Mwenye nyumba akikosa kabisa, atakutilia hata mahindi ya kuchoma aliyokuwa ameanza kuyang'ata upande mmoja, naye ataona haya kwamba ni kidogo. Mimi niliipenda sana desturi hiyo, mpaka siku ilipotaka kunitoa roho.

Nilizaliwa Tanganyika ya Mwingereza, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Chapwa, karibu na barabara kuu iendayo Rhodesia. Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kwisha, nikiwa naanza kung'oka meno ya mbele, nilishikwa na kiu. Si kiu ya kawaida, jamani. Nilikunywa maji ya mtungi, nikamaliza, nikafuata ya kuoshea vyombo. Nililala tumbo limejaa maji na kuamka nimelowa, mimi msichana mkubwa niliyekwisha kuachana na mambo hayo, na kaka zangu walinitania mpaka nikakosa pa kuuficha uso. Nilikula kumshinda baba, na bado nguo zilizidi kunipwaya.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa Shangazi Marita, dada yake baba, aliyeolewa huko Chapwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto naye akaitika. Alikuja kututembelea, akanifuata nyuma ya nyumba nilipokwenda kukojoa, akasimama pale akiwa ameshika kiuno. "Wifi!" akamwita mama. "Njoo uone. Sisimizi wamejipanga hapa kama kuna harusi." Mama akaja, akainama, akatazama. Hakucheka. Kesho yake nilikuwa mgongoni kwake tukipanda lori la kwenda upande wa Mbeya, tushuke njiani kwenye hospitali ya misheni.

Huko ndiko tulikolisikia jina la ugonjwa. Muuguzi mkuu alikuwa mama wa Kizungu tuliyemwita Sista, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kitabu kilichonyooka kuliko chetu sisi tuliokizungumza huku Kinyiha chetu cha nyumbani kikichungulia. "Mtoto ana ugonjwa wa sukari," akasema. Baba, aliyetufuata siku ya pili, alishangaa sana. "Sukari ipi, Sista? Kwetu sukari tunaiona Krismasi, tena ni ya wageni." Sista alicheka kwanza, halafu akavuta kiti akatueleza polepole. Sukari hii haitoki dukani, inatoka ndani ya ugali na viazi, na mwili wangu umeshindwa kuitumia. Dawa ipo. Haiponyi, ila inamshikilia mtu asiende zake. Nitadungwa sindano kila asubuhi, na siku nitakayoanza kukosa dawa, sitafika mbali.

Nilidungwa. Nililia, nikazoea, nikanenepa. Mama alifundishwa kudunga akijizoeza kwenye limau, akiliomba radhi kila mara kabla ya kulichoma. Ilipofika zamu ya paja langu aliomba radhi mara nyingi mpaka mimi ndiye niliyembembeleza. "Choma tu mama, siumii," nikamwambia, na nilikuwa naumia sana. Tangu asubuhi ile tulikuwa washirika wawili katika kazi moja.

Sasa nikataka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimechoka na uji wa hospitali, nimechoka na shuka zenye harufu ya dawa, nawataka kaka zangu wanitanie. Ndipo Sista alipotandaza vitu vyangu juu ya meza: bomba la sindano la kioo, sindano za kuchomeka mbele yake, kichupa cha dawa, chupa ya spiriti, pamba, na mabonge ya sukari ndani ya karatasi, ya kuniwekea mdomoni siku nitakapoanza kutetemeka na kutoka jasho. Akatuangalia. "Bomba ni hili moja. Likivunjika, sina jingine. Dawa ikipata joto, inakufa. Na vitu hivi lazima viwe pamoja na mtoto popote anapokwenda. Nitafutieni mkoba. Ukifaa, mtoto anarudi nyumbani. Usipofaa, anabaki hapa kwangu." Nilishika khanga ya mama kwa mikono yote miwili.

Mnaona basi? Wenzangu walikuwa wanalilia magauni ya Krismasi, mimi roho yangu ilikuwa imening'inia kwenye mkoba.

Baba aliondoka, akarudi na mkebe wa biskuti ambao mdogo wake alimletea kutoka kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Ulikuwa mkebe mzuri, jamani! Mwekundu, umechorwa farasi na wanawake wenye kofia, na baba aliubeba kifuani ili kila aliyekutana naye njiani auone. "Huu hauvunjiki hata ukikanyagwa na ng'ombe," akasema. Sista aliugonga kwa kidole, akasita. Mama ndiye aliyeomba apewe yai na donge la samli. Yai litakuwa bomba, samli itakuwa dawa, tuone. Sista alipenda wazo hilo mpaka akalifuata yai mwenyewe jikoni. Vikatiwa ndani ya mkebe, nikatundikwa mkebe begani kwa kamba, nikaambiwa nizunguke uwanja wa misheni juani, nitembee kama mtoto na si kama maiti. Nilitembea kama mtoto. Nilifukuza kuku, nikaruka mfereji. Tulipoufungua, yai lilikuwa limepasuka na kujikoroga na samli iliyoyeyuka. Baba aliupangusa mkebe wake, akauficha chini ya benchi, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakumwonyesha mtu.

Tukajaribu kibuyu, kikawa baridi vizuri lakini mdomo haukupitisha bomba. Tukajaribu mfuko wa kaki wa askari mmoja aliyerudi vitani, ukanifika magotini na kuniangusha. Halafu Shangazi Marita, aliyekuja kuniona, akatoa kikapu chake kidogo cha mianzi chenye kifuniko, alichokisuka kwa mikono yake. Mama alikitandika pamba na vitambaa. Nikazunguka uwanja, nikafukuza kuku wale wale, maskini, walionijua sasa wakawa wanatimka nikitokea tu mlangoni. Yai likatoka zima. Samli ikatoka imara. Sista akapiga makofi, na shangazi akapiga vigelegele ndani ya wodi mpaka wagonjwa wakaamka. Nikarudi nyumbani na kikapu changu, najiona mke wa chifu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kikapu ni kikapu.

Msimu wa viazi ulipofika mama alinichukua kwenda Chapwa kumshukuru shangazi. Tulishinda vizuri. Shangazi alinitazama nilivyojaa mashavu, akanipapasa, akacheka, akalia kidogo, akaenda kukoleza moto. Tulipoaga, mama alisimama uani kuagana na majirani, na ninyi mnajua kuagana kwa wanawake kulivyo. Mimi nilikuwa naangalia mbwa aliyezaa. Shangazi alikiona kikapu mlangoni, akafunua kifuniko, akaona pamba nyeupe, safi, laini. Akafurahi kwamba wifi yake ni mwanamke nadhifu. Akaweka juu yake viazi vilivyotoka chunguni wakati ule ule, amevifunga kwa majani ya mgomba, akashindilia ili viingie vyote, akafunika. Hakusema kitu. Kwetu unapomtilia mtu chakula husemi, unamwacha akikute mbele ya safari.

Tulikikuta mbele ya safari. Mama alikuwa ananisimulia jambo, akanyamaza katikati ya neno. Akanusa. Akanigeuza, akafungua kikapu, mvuke ukampiga usoni. Aliondoa viazi kwa mikono mitupu na kuungua vidole. Bomba lilikuwa zima. Kichupa cha dawa kilikuwa cha moto, na ile dawa, ambayo siku zote ukiitikisa ilikuwa nyeupe kama maziwa, ilikuwa imekatika mabonge yanayoelea. Mama aliketi chini palepale barabarani, kwenye vumbi, na khanga yake safi ya kutembelea. Alikishika kichupa kwa viganja viwili akikipepea kwa pumzi, kana kwamba kingepoa na kurudi kilivyokuwa. Nilimwogopa. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu ameketi barabarani.

Kisha akainuka. Hakurudi Chapwa kugomba wala hakwenda nyumbani. Alisimama katikati ya barabara kuu akiwa amenyoosha mikono, na lori la kwanza lililokuja ama lingesimama ama lingempitia. Lilisimama. Dereva alitoa kichwa aanze kutukana, mama akamwekea viazi vyote dirishani. Mtu yule alituchukua mpaka misheni, anakula njia nzima, na kila alipomaliza kimoja alisema hajapata kula viazi vitamu namna hiyo tangu azaliwe, na wapi vinalimwa, na nani kavipika. Mama alimjibu kwa adabu zote. Mimi nilikuwa pajani pake, nasikia moyo wake ukipiga mgongoni mwangu.

Sista aliinua kichupa kwenye mwanga, akakitupa. Alifungua kabati lake, akatoa kingine, na niliona kwamba pale kilipotoka hapakuwa na vingine vingi. Akaniambia nikacheze. Akamwita mama barazani, wakasimama upande wa pili wa dirisha, Sista akasema maneno kwa sauti ya chini, marefu. Mimi sikuyasikia. Niliona mgongo wa mama tu, na vidole vyake vikisokota pindo la khanga nyuma ya kiuno, vinasokota, vinaachia, vinasokota. Waliporudi, Sista alinishika kidevu. "Hiki kikiharibika, Yuditi, utakuja kukaa hapa. Sitakuwa na njia nyingine." Nikaitikia.

Tukaanza upya shughuli ya mkoba, na safari hii haikuwa habari ya mayai. Baba alikuna kichwa. "Tatizo si kikapu," akasema, "tatizo ni watu. Mkoba wowote wenye mdomo, watu wa kwetu wataulisha." Akaona dawa yake ni kutangaza kanisani. Jumapili mzee wa kanisa akasimama, akaeleza kwa Kiswahili na kwa Kinyiha kwamba kikapu cha Yuditi kina dawa ya uhai wake, mtu asitie kitu humo. Watu waliguna kwa huruma. Loo, heri asingetangaza! Ibada ilipokwisha walinizunguka, pole mwanangu, pole mama, na kila mwenye pole alikuwa na kitu cha kuisindikiza. Huyu karanga, yule boga la kuchemsha, na bibi mmoja, Mungu amrehemu, akafunua kifuniko na kuweka mayai mabichi juu ya bomba, kwa uangalifu mkubwa, ili yasivunjike. Mama alikinyakua kikapu akakikumbatia. Walimwona ana kiburi siku hizi.

Msiwacheke sana. Watu wale walikuwa wakinipenda kwa njia waliyofundishwa, na mpaka leo nawashukuru kwa kila karanga. Ila ningekufa katikati ya upendo huo, kifuniko kimoja baada ya kingine.

Siku chache baadaye Shangazi Marita alifika. Alikuwa amesikia viazi vyake vilifanya nini. Alikuja bila mzigo wowote, jambo ambalo halijapata kuonekana, akaketi mlangoni akashindwa kuingia. "Wifi, nimemuua mtoto," akasema. Mama akamwambia mtoto huyu hapa, anamenya kunde, ingia ndani. Shangazi akaingia lakini hakunishika. Alinitazama kwa mbali, mikono ameikalia.

Mama alikuwa ametulia mno siku ile. Alimtazama wifi yake, akatazama mikono ile aliyoikalia, kisha akainua macho kwenye ukuta wa chumba chake, kwenye kigingi. Pale palitundikwa mbeleko. Vijana wa leo wanajua mbeleko ya kitenge. Yetu ilikuwa ya ngozi ya kondoo, imelainishwa kwa mafuta mpaka inalala mkononi, na manyoya yake yameachwa upande unaomgusa mtoto. Ilikuwa na mkanda mrefu wa ngozi ile ile, wa kuzunguka bega na kiuno cha mama. Sisi sote tulibebwa humo. Mimi nilikuwa wa mwisho kuzaliwa mpaka wakati ule, na mbeleko ilikuwa inangoja pale ukutani, ikipakwa mafuta mara kwa mara, kwa ajili ya atakayenifuata.

"Wifi," mama akauliza, "umewahi kumwona mtu akitia viazi ndani ya mbeleko?"

"Viazi ndani ya mbeleko? Mtu gani huyo, ana wazimu?"

Mama akaiangua, akaitandaza mkekani, akachukua kisu. Shangazi alipoelewa, alipiga kelele mpaka baba akaja mbio kutoka zizini. "Mbeleko haikatwi! Unakata kizazi chako, Mama Yuditi! Ndugu yangu ataongezewa watoto na nani? Watabebwa na nini?"

Mama hakupandisha sauti. "Mbeleko ni ya kubebea mtoto," akasema. "Huyu si mtoto?"

Baba alisimama mlangoni, akavua kofia, akaivaa, akarudi zizini. Kisu kikaingia kwenye ngozi. Ilikuwa ngumu kwa mtu mmoja kuikata, ilikimbia kisu. Shangazi akasogea kwa magoti, akaikamata ngozi upande wa pili kwa mikono yake yote miwili, akaivuta, akaikaza, machozi yakimdondoka, mpaka mama akafika mwisho.

Walishona mchana kutwa. Manyoya yaliwekwa ndani, na katikati ya manyoya mama akatengeneza vijumba: cha bomba, cha kichupa, cha spiriti, na kimoja kidogo cha sukari chenye kifungo, kwa sababu ya kaka zangu. Walipofika kwenye mkanda, shangazi alichukua kisu aupunguze, maana ulikuwa mrefu wa kuzunguka mwili wa mwanamke mzima, na mimi nilikuwa mtoto wa kimo cha mbuzi. Mama akamshika mkono. "Mkanda siukati."

"Si atajikwaa?"

"Nitaukunja."

Akaukunja, akaukunja tena, akaukunja mara nyingine, akashona makunjo yote pamoja juu ya bega. Likawa donge kubwa linalonichoma kila nilipotembea. Nililalamika. Nikaomba ukatwe, nikanuna, nikajitupa chini. Mama yangu, aliyekuwa amekata mbeleko bila kupepesa macho, alikataa kabisa kuugusa mkanda ule. "Utakua," akasema, akanipa kitambaa nikiweke chini ya donge.

Kesho yake tulitia yai na samli, nikafukuzwa nje. Nilipanda mti, nikateleza kwenye mteremko wa mto, nikapigana na kaka yangu mmoja. Yai zima, samli imara. Lakini mtihani wa kweli ulikuwa Jumapili. Watu walinizunguka baada ya ibada, mikono imejaa, wakatafuta kikapu. Wakaona mbeleko. Mikono ikasimama. Bibi yule wa mayai alisogea, akanyoosha kidole, akagusa ngozi, akaurudisha mkono wake taratibu. Nani anaweza kumwekea mtoto mchanga mayai kichwani? Akacheka peke yake, mapengo wazi, akaniuliza, "Mama, mwanao amelala?" Nikamjibu amelala. "Basi usimwamshe," akasema, akampa mama mayai mkononi.

Hivyo ndivyo nilivyopata mtoto nikiwa na mapengo ya meno ya utoto. Kijiji kizima kilimjua. Nikipita njiani watu waliniamkia, kisha wakamuulizia mwanangu, amenyonya, ameoga, ameota jino? Shuleni wenzangu waliniimbia wimbo wa kubembeleza nikipita, nami mwanzoni nilitaka kuwatoa macho, baadaye nikawa nauimba pamoja nao. Hakuna aliyewahi kutia kitu tena. Na Shangazi Marita, kila tulipotoka Chapwa, alifunga viazi vyake kwenye majani, akavishika mwenyewe mikononi, akatembea nyuma yangu kwa mbali kabisa, eti joto lisinifikie, mpaka kwenye kijito, ndipo akamkabidhi mama.

Nilikua, kama mama alivyosema. Donge liliponibana sana, mama alifumua kunjo la kwanza, nami nikapumua. La pili alilifumua nilipokwenda kusoma shule ya wasichana ya bweni, nikijidunga mwenyewe. La tatu lilikaa muda mrefu. Mbeleko nyingine haikuwahi kuning'inia kwenye kigingi kile; hakuja mwingine nyuma yangu, na watu walisema waliyoyasema, na mama aliwasikia.

Wiki ya harusi yangu, Shangazi Marita alikuwa anapanga vitu vyangu. Alikuwa mzee sasa, sauti ileile. Aliuona mkanda umenikaa juu ya mbavu, akachukua wembe afumue kunjo la mwisho. Ulipofunguka, mkoba ukateremka taratibu, ukatulia nyongani, mahali pake hasa. Shangazi akaketi chini akalia kilio cha msibani, nikadhani amejikata.

"Mama yako ameshinda," akaniambia. Ndipo akanieleza maneno ya Sista barazani, ambayo mama aliwahi kumweleza yeye peke yake, siku ile wakishona. Sista alimwambia, kwa upole, maana alikuwa mtu mwema, kwamba asijidanganye. Watoto wa ugonjwa huu, huku mbali, na dawa hii ya kusubiriwa, yeye hajawaona wakiwa watu wazima. Ampende kwa muda atakaokuwa naye. Na mama akaitikia, akashukuru, akarudi nyumbani, akashona mkanda wa mwanamke mzima.

Nilimkuta jikoni anapepeta ulezi. Nilitaka kusema mengi, nikaweza kumuuliza tu kama ni kweli. Hakuacha kupepeta. "Sista alisema alichokijua," akasema. "Na mimi nikashona nilichokitaka." Kisha akanituma nikaangalie viazi, vinaungua.

Mama na shangazi wamekwisha kutangulia, na Sista pia. Ninawashukuru wote, hata dereva wa lori. Siku hizi dawa yangu inakaa kwenye jokofu, na natembea na kimfuko chepesi nilichopewa kliniki, kinachoingia ndani ya pochi. Zamani nilidhani mama alikata mbeleko aniachie mkoba. Nilipoanza kubeba watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba hakunishusha. Alinihamishia tu mahali ambapo mikono yake isingefika, nami nimezeeka nikiwa nimebebwa.

Mkoba wenyewe uko kwenye kigingi chumbani kwangu, manyoya yamepukutika, naupaka mafuta. Juzi mjukuu wangu, yule wa bastola, aliuangua akauvaa, ukamfika magotini. "Bibi, mkanda ni mrefu mno," akasema, akaniomba mkasi. Nikampa sindano na uzi.